Gari la Zamani Likimisi: Waulize Wengi, Ashike Spana Mmoja

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazovutana. Moja yasema penye wengi hapaharibiki neno. Ya pili yasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwenye gari la zamani lililoanza kumisi huzionja zote mbili katika wiki moja. Akifungua boneti mtaani hakosi watu kumi wa kumsaidia, na kila mmoja ana jibu lake. Anayejua kuwatumia watu hao hupata ufumbuzi kwa gharama ndogo. Asiyejua hununua vipuri mpaka mfuko ukatoboka, na gari likabaki vile vile.

Mimi ni mmoja wa wakazi wa Mombasa wanaopenda magari ya zamani. Hatuna ofisi wala kadi za uanachama. Twajuana kwa magari yetu: huyu wa Volkswagen ya kobe, yule wa Datsun, yule wa Mercedes ya miaka ya sabini. Baada ya sala ya Alasiri tunakutana barazani kwa kahawa chungu, na mazungumzo hayachelewi kufika kwenye injini. Leo nataka kueleza jinsi wenzangu hao walivyonisaidia kuiponya Peugeot 504 ya marehemu baba yangu. Njia tuliyoifuata yafaa kwa gari lolote la zamani, na wanaoijua wanapungua kila mwaka.

Gari lenyewe

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Hapa kwetu ilijipatia jina lake barabarani. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akaishinda tena kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Wengi wetu twaikumbuka zaidi ile ya steshenwagoni yenye safu tatu za viti, iliyokuwa ikibeba abiria mji hadi mji kabla ya matatu za Nissan kutawala barabara. Tena magari haya yaliunganishwa hapa hapa kwetu, katika kiwanda cha Miritini. Kwa Mombasa, 504 si mgeni. Ni mwenyeji.

Ya baba ni hiyo ya steshenwagoni. Alipofariki tulibaki nayo ndugu wanne, tukapatana tuiweke kwa sharti moja, isiwe mzigo kwa mtu. Ilikuwa ikijilipia yenyewe kwa kubeba maharusi. Ilipoanza kumisi, gereji moja ikatuambia injini imechoka na lazima ifunguliwe yote, kwa shilingi 90,000. Ndugu zangu wawili wakasema imetosha, bora iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikapewa mwezi mmoja.

Kumisi ni nini?

Katika injini ya petroli ya silinda nne, kila silinda hupata cheche moja kila injini inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hizo ni cheche 100 kwa kila sekunde. Katika magari ya zamani cheche hizo hazipangwi na kompyuta. Ndani ya distribyuta mna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana mara hizo 100 kwa sekunde. Kila vinapoachana, umeme wa volti 12 unaopita kwenye koili hukatika ghafla, na koili hurusha umeme mkali wa maelfu ya volti. Rota huupokea na kuugawia plagi, moja baada ya nyingine. Kondensa, kile kikopo kidogo cha bati, huzilinda pointi zisiungue na husaidia umeme ukatike upesi.

Cheche ikikosekana, ikija dhaifu au ikija kwa wakati usio wake, petroli iliyomo katika silinda ile haiwaki sawasawa. Gari hushtuka kama mtu mwenye kwikwi. Hiyo ndiyo misi. Lakini petroli isipofika ya kutosha, au vali isipofunga vizuri, dalili hufanana na hiyo. Ndiyo maana kumwambia fundi "gari linamisi" ni sawa na kumwambia daktari "naumwa". Umesema kweli, lakini hujamwambia kitu.

Maswali kabla ya spana

Nilipolitaja jambo hili barazani, dawa zilimiminika. Badilisha plagi. Badilisha koili. Safisha kabureta. Tupa pampu ya petroli. Mzee mmoja, aliyewahi kuendesha 504 ya abiria kati ya Mombasa na Malindi, hakutaja dawa yoyote. Aliniuliza, "Mwanangu, yamisi ikisimama au ikenda? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukikanyaga kidogo au ukikanyaga yote?"

Nilimwomba siku mbili, nikachukua daftari na kwenda kulisikiliza gari. Majibu yalikuwa haya. Likisimama likinguruma, halina neno. Barabara ya Malindi, kutoka Nyali hadi Mtwapa, mahali tambarare, mguu ukiwa mwepesi juu ya mafuta, lapata kwikwi mpaka abiria wanatazamana. Nikipanda mlima wa Mazeras na kukanyaga mafuta mpaka chini, kwikwi yatoweka na gari lavuta kama jipya. Baridi au moto, ni mamoja.

Niliporudi na maelezo hayo, baraza lilinyamaza kidogo. Kisha dawa zikaanza kupungua zenyewe, moja baada ya nyingine.

Jinsi majibu yanavyokata njia

Kama petroli ingekuwa haifiki, shida ingezidi mlimani, kwa sababu huko ndiko injini inakohitaji petroli nyingi. Letu mlimani lilikuwa zima. Basi pampu na chujio zikaondoka katika orodha, na hatukununua kitu.

Kama plagi, koili au waya za plagi zingekuwa dhaifu, shida vile vile ingezidi mlimani. Ukikanyaga mafuta yote, hewa na petroli hujaa ndani ya silinda na kushindiliwa kwa nguvu zaidi, na cheche huhitaji umeme mkali zaidi kuruka hapo. Hivyo vitu hivyo vikasogezwa nyuma ya foleni.

Kama silinda moja ingekuwa mbovu, tungeiona hata gari likiwa limesimama. Jaribio lake ni jepesi: injini ikinguruma, unachomoa waya wa plagi moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, unasikiliza, unaurudisha, kisha unakwenda kwa inayofuata. Ukichomoa na injini isibadilike sauti, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi. Usitumie mkono mtupu, na usifanye hivyo mahali penye harufu ya petroli. Kwetu, kila waya uliochomolewa ulibadilisha sauti kwa kiasi kile kile. Silinda zote nne zilikuwa sawa, na ile hukumu ya injini kuchoka ikaanza kukosa ushahidi.

Hapa nataka kutaja jambo dogo linalowakosanisha watu wanaosaidiana kwa simu. Peugeot huhesabu silinda kutoka upande wa klachi, siyo upande wa rejeta kama magari mengi. Mmoja akisema "plagi ya kwanza" akiwa Malindi, na mwingine yuko Mombasa kaelekeza macho mbele ya gari, wanazungumzia plagi mbili tofauti. Kabla ya kutaja namba, pataneni mwanzo wa kuhesabu.

Sasa lilibaki swali moja: ni kitu gani katika injini hii hufanya kazi mguu ukiwa mwepesi, na hupumzika gari likisimama au ukikanyaga yote? Mwenye Mercedes ndiye aliyelijibu. Ubavuni mwa distribyuta kuna kikopo cha bati chenye mpira unaokwenda kwenye kabureta. Ukienda mwendo wa wastani, kabureta huvuta hewa kupitia mpira huo, na kikopo huizungusha kidogo sahani iliyobeba pointi ili cheche iwahi. Gari likisimama, mvuto huo haupo. Ukikanyaga yote, mvuto huanguka na sahani hurudi mahali pake. Kwa hiyo kwikwi yetu ilikuwa ikija wakati ule ule sahani inapozunguka.

Hata hivyo hakuniambia ninunue distribyuta. Aliniambia, "Chomoa ule mpira, uzibe kwa skrubu, kisha nenda Mtwapa."

Nilikwenda Mtwapa na kurudi. Gari halikumisi hata mara moja.

Waya wa urefu wa kidole

Jaribio hilo lilituonyesha mahali pa kutazama. Tulifungua kifuniko cha distribyuta, tukaweka mita ya umeme kati ya sahani ya pointi na bodi ya gari, injini ikiwa imezimwa. Mita ilionyesha umeme unapita vizuri. Kisha nikauvuta ule mpira kwa mdomo, kama anywaye dafu kwa mrija, sahani ikazunguka, na mita ikaanza kurukaruka.

Kilichoiunganisha sahani na bodi kilikuwa waya mdogo wa kusukwa, urefu wake kama kidole. Kazi yake ni kuurudisha umeme wa pointi kwenye bodi ya gari, na kila sahani inapozunguka, waya nao hujikunja. Miaka ya kujikunja na hewa yetu ya chumvi vilikuwa vimeula mpaka ukageuka kijani, na ukabaki kushikilia kwa nyuzi mbili tatu. Sahani ikitulia, nyuzi ziligusana. Ikizunguka, ziliachana, na cheche ikapotea.

Fundi wa redio mtaani kwetu alituunganishia waya mwingine laini kwa risasi. Laini ni sharti, kwani mgumu huizuia sahani kuzunguka au hukatika tena upesi. Gharama haikufika shilingi 500. Niliwaita ndugu zangu watatu, tukaketi ndani ya gari, tukaenda mpaka Kilifi na kurudi. Suala la vyuma chakavu halikutajwa tena.

Tulichojifunza

Kwanza, mletee mwenzako maelezo, usimletee kilio. Mwambie gari ni aina gani, la mwaka gani, linamisi lini na halimisi lini, na ni kitu gani kilichobadilishwa mwisho. Kujua wakati gari lisipomisi kulitufaa kuliko kila kitu kingine.

Pili, kila ushauri ugeuze uwe jaribio kabla haujawa ununuzi. Mtu akikwambia koili imekufa, usimbishie. Muulize tu, "Nitajuaje?" Anayejua atakupa njia ya kupima. Anayekisia atakutajia duka.

Tatu, gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na anayegusa awe mmoja. Wakishika spana watatu, huyu akarekebisha pointi, yule taiming, na mwingine skrubu za kabureta, hata gari likipona hamtajua nini kilichoponya, na likizidi kuugua hamtajua nani kaliumiza. Hapo ndipo methali zile mbili zinapopatana. Katika kuuliza, penye wengi hapaharibiki neno. Katika kushika, nahodha awe mmoja.

Nne, gari likipona, rudi ukawaambie waliokushauri, hata wale ambao dawa yao haikuwa yenyewe. Barazani kwetu sasa kila mwenye gari la pointi anajua kuutazama ule waya, na wiki mbili baadaye mwenye Datsun aliukuta wake umeanza kukatika kabla haujamsumbua.

Sina ugomvi na vijana wa gereji. Wamefunzwa magari yanayosema yenyewe: unachomeka mashine, inakuandikia ugonjwa. Gari la pointi halina pa kuchomeka mashine. Kinachohitajika ni mtu aliyelisikia likikohoa mara mia kabla ya leo. Watu hao Mombasa bado tunao, Majengo, Likoni, Kisauni na kwingineko. Wengi wamestaafu na wanakaa vibarazani bila kuulizwa kitu, na maarifa yao hayajaandikwa popote.

Basi ndugu msomaji, kama una gari la zamani lililofunikwa turubai uani kwa sababu gereji ilikwambia halifai, usiliuze wiki hii. Chukua daftari, andika linapougua na linapopona, kisha mtafute mzee mmoja mtaani kwenu umsomee. Na ukienda, mchukue kijana mmoja akasikilize.