Kabla ya kukimbilia Naivasha, pitia msitu wa Kieni

Mbogi nyingi za Ruiru na Thika zikichanga pesa za mafuta wikendi, ramani ni ile ile: Thika Road hadi Nairobi, foleni, Limuru, halafu Naivasha. Kumbe ipo njia ya kufika barabara ya Nakuru bila kuigusa Nairobi hata kidogo, tena inapita katikati ya msitu.

Ukitoka Ruiru, panda hadi Thika, kisha ushike barabara ya Mang'u na Gatukuyu hadi Kamwangi. Huku ni Gatundu ya migomba, nyasi za ng'ombe na, ukizidi kupanda, majani chai. Masikio yanaziba, vioo vinafungwa kwa baridi. Halafu chai inakatika na msitu unaanza ghafla, kama mtu alichora mstari. Na kweli ulichorwa: mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai kati ya mashamba ya wananchi na misitu, ili jembe lisiendelee kuusogelea.

Hapo punguza mwendo, maana si kila kijani unachopita ni msitu wa kale. Miti iliyopangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride ni misonobari na misaiprasi, miti ya kigeni iliyopandwa ili ikatwe. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini msitu wa asili hauna mistari. Mti mnene unasimama kando ya mwembamba, mwingine umeanguka na kuota kuvu, na matawi yananing'inia nyuzi za kijivu mfano wa ndevu za babu. Hapo ndipo utapata muthengera, mianzi, na muiri ambao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume ng'ambo. Na muthaiti, mti mkubwa unaonukia kafuri.

Mbao nzuri za muthaiti ndizo zilizouponza. Uchunguzi wa angani wa misitu ya Aberdare, uliotolewa 2003, ulionyesha jinsi ukataji haramu na uchomaji makaa ulivyoitafuna miti ya asili, muthaiti ukiwa kati ya iliyoandamwa sana. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku hiyo, akisema miti iliyokomaa inaozea msituni. Hoja hiyo ina uzito kwa misonobari ya kupandwa. Kwa muthaiti haina, kwa sababu msonobari hukomaa kwa miongo michache tu, ilhali muthaiti uliokatwa leo hatutauona ukirudi, mimi na wewe.

Wamarekani wana redwood za California zinazopita mita 100 na barabara maarufu katikati yake, Avenue of the Giants. Kieni hakuna mti wa kimo hicho. Ila redwood hazikuletei maji ya kuoga. Mto Chania, ule unaopita kando ya hoteli ya Blue Posts pale Thika, unashuka kutoka Aberdare, na bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, hujazwa na mito ya milima hiyo hiyo.

Mambo machache kabla hujawasha gari. Ondoka mapema, kwani alasiri ukungu hushuka na usione mita 20 mbele. Ndovu huvuka barabara hii. Ukimwona, simama mbali, usipige honi wala kushuka kutafuta selfi. Ukitaka kutembea ndani, uliza kwanza kituo cha KFS na uingie na mtu anayeujua msitu. Na beba jaketi, hata kama Ruiru kunawaka jua.

Barabara inakutoa Magumu, pale Flyover. Kando ya njia kuna viazi, kabeji na karoti za Kinangop, na bei ni ya kuelewana.