Wamama wafanyabiashara wa Kasomeno: kazi ni nyingi, mbona mtaji haukui?

Kasomeno iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Lubumbashi, pale njia inapogawanyika: moja inashuka Kasenga ku mto Luapula, ingine inaendelea Pweto. Samaki wa Luapula na wa ziwa Moero, mahindi, muhogo, makala, vyote vinapita hapo kwenda kwenye masoko ya Lubumbashi kama soko Kenya. Sehemu kubwa ya biashara hiyo iko mikononi mwa wamama. Lakini mama anaweza kuuza miaka kumi na kubaki na beseni ileile.

Sababu ya kwanza iko ndani ya hesabu. Chukua mfano wa mama mwenye franka 200.000. Ananunua samaki kwa feza hiyo yote. Motokari inakula 30.000, chumvi na magunia 10.000, na malipo ya njiani 15.000. Jumla ni 255.000. Akiuza kwa 290.000, faida ni 35.000. Sasa ni mvua, motokari imekwama siku mbili ndani ya matope, samaki wameanza kuharibika. Anauza kwa 230.000. Amepoteza 25.000, na watoto wanangojea bukari nyumbani. Safari moja mbaya inakula sehemu kubwa ya faida ya safari moja nzuri. Tena kuanzia mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2 uvuvi unafungwa ili samaki wazae, na wakati huo mtaji wa samaki unageuka chakula cha nyumba.

Ndiyo maana likelemba ina nguvu. Wamama kumi wakitoa 20.000 kila juma, kila juma mmoja anapokea 200.000 bila faida ya kulipa. Ila likelemba ina kasoro yake: wa kwanza amepata mkopo, wa mwisho ameweka akiba tu, na mgonjwa hangojei zamu. Kundi la kuweka na kukopesha, lenye wengi wanaita AVEC, linafanya tofauti. Feza inakaa ndani ya sanduku, mwanachama anakopa wakati ana shida, na faida ya mikopo inagawanywa kwa wote mwisho wa mzunguko.

Sababu ya pili ni sheria, ao zaidi, watu kutoijua. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kutia sahihi mambo mengi, kama mkopo ao mkataba wa kazi. Miaka 29 hiyo ilikuwa hivyo. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ruhusa hiyo: sasa bwana na bibi wanapaswa kuelewana, wote wawili, hata bwana akitaka kukopa. Sheria bado inasema mume ni kiongozi wa nyumba, lakini kiongozi si mwenye feza zote. Anayedai ruhusa ya bwana kwa mama peke yake anafuata sheria ya zamani.

Sababu ya tatu ni malipo ya njiani na ya sokoni. Kodi halali inalipwa kwa kitansi. Mama asiyeomba kitansi anaweza kulipa mara mbili, na hana kitu cha kuonyesha.

Kisha kuna jambo linalokuja. Mradi wa njia ya kulipia Kasomeno–Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula, unataka kuunganisha Haut-Katanga na Zambia bila kupita Kasumbalesa. Njia nzuri itapunguza samaki kuoza. Lakini italeta pia wanunuzi wenye motokari kubwa, wenye uwezo wa kununua vyote mara moja ku mto. Mama wa beseni moja hawezi kushindana nao peke yake. Wamama kumi wanaonunua pamoja na kukodi motokari moja wanaweza kugawana gharama na kupanga bei.

Kazi hiyo inaweza kuanza hata juma hili: daftari moja, feza ya mtaji upande mmoja, feza ya nyumba upande mwingine, na kitansi zote ndani yake. Siku kundi litaenda kuomba mkopo, daftari hilo ndilo litaonyesha kama biashara inakua.