Mafuta ya Karafuu Si Arki

Sikukuu zinapokaribia, familia nyingi huoka keki nyumbani. Hata wasio na oveni hutumia sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Siku hizi wapo akina mama ambao badala ya kusaga karafuu hutia mafuta yake. Hatuwakatazi. Ila tunaomba mafuta hayo yasipimwe kama arki ya vanila.

Arki ya dukani ni harufu kidogo iliyochanganywa na maji au spiriti, ndiyo maana kijiko kizima hakiharibu keki. Mafuta ya karafuu hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji kwenye karafuu zenyewe, majani au makonyo, kama wafanyavyo Pemba. Sehemu yake kubwa ni yujenoli, dawa ile ile inayotumiwa na waganga wa meno kutuliza maumivu. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kina matone yapatayo 100, na keki ya nusu kilo ya unga inatosheka na tone moja au mawili!

Mafuta haya hayachanganyiki na maji. Ukiyatia kwenye maziwa yatajitenga, na mtoto mmoja atakula kipande chenye tone zima, ulimi umwake moto. Yakoroge kwanza kwenye siagi. Harufu nyingine itapotea motoni, lakini usiongeze kwa sababu hiyo. Tena, mafuta ya kuchua au ya manukato si chakula, hata yakiwa na jina hilo hilo la karafuu.

Linalotutia hofu zaidi ni ile chupa ndogo yenye harufu tamu, ikiachwa mezani. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, akapata degedege, na ini lake likaharibika. Aliponea chupuchupu, akiwa chini ya uangalizi mkali wa hospitali. Basi chupa ikae kabatini, juu, imefungwa, wala mafuta yasihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa kuwa mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni. Wala usimpe maziwa kwa kudhani yatavunja sumu. Mpanguse mdomo, na akisinzia mlaze ubavu. Yakiingia machoni, mwagia maji safi kwa dakika 15. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, ili daktari ajue ni kitu gani na kimepungua kiasi gani. Usingoje kwa sababu anacheza. Madhara ya ini huweza kuonekana kesho yake.