Betri ya pili hulipa ikifungwa sawasawa

Mwenye Land Cruiser ya kupeleka watalii Serengeti hununua betri ya pili kwa sababu moja: friji ya vinywaji isimalize umeme wa kuwashia injini. Wapo wanaoziunga mbili moja kwa moja. Alfajiri zote zimekufa, wageni wanasukuma gari, na fedha ya betri imepotea. Kinachotakiwa ni rilei ya kuziunganisha injini inapochaji tu. Bei yake haifikii ya betri.

Ya pili isiwe ya stata, bali ya kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu. Yenye ampea-saa 100 itumike nusu. Friji inayovuta wastani wa ampea 2 itapata saa 25. Fyuzi ikae karibu na kila betri. Za lithiamu ni nyepesi, ila huhitaji chaja yake, na bei bado kali.