Sura ya Sita: Fundi Asiyepokea Simu

Mbalizi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo Zambia, magharibi mwa jiji la Mbeya, una msimu mmoja mrefu wa mvua. Huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ifikapo Juni ardhi imekauka, matanuru ya tofali yanawaka, na waliovuna mahindi, viazi na kahawa wanaanza kushika fedha. Ndani ya miezi hiyo mitano ya kiangazi, kila mwenye nyumba anataka kazi yake ifanyike: huyu anapaua, yule anapiga lipu, mwingine anaongeza vyumba viwili nyuma. Mafundi ni walewale, na mvua haimsubiri mtu.

Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Fundi anachukua kianzio kwa mama mmoja, wiki ya pili anachukua kingine mtaa wa pili, kisha cha tatu. Kianzio cha pili kinalipa vibarua wa saiti ya kwanza. Cha tatu kinanunua chakula cha nyumbani. Fedha zikishaingiliana hivyo, fundi huenda kule ambako bado anadai nyingi. Kule alikokwisha kulipwa karibu zote hakuna kinachomvuta, na mwenye nyumba anabaki akisikia "nakuja kesho, mama" hadi simu inapoacha kupokelewa kabisa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu hukimbilia kumwita fundi mwizi. Wapo matapeli, lakini mafundi wengi wanaonyamaza ni watu wenye ujuzi wa kweli waliojibebesha saiti nyingi kuliko nguvu zao, na malipo yaliyopangwa vibaya yakawamalizia ari ya kurudi. Wapo pia wenye nyumba wanaosababisha kimya hicho wao wenyewe. Fundi akikaa siku nne akingoja mbao ambazo hazijaletwa, atahamia kwingine ili watoto wake wale. Ukitaka kujilinda, anza na mpangilio wa fedha.

Lipa nyuma ya kazi

Kanuni ni hii: fedha iliyobaki mkononi mwako itoshe wakati wote kumaliza kazi iliyobaki. Tuseme mmepatana ufundi wa kupaua kwa shilingi 1,200,000, na vifaa unanunua mwenyewe. Toa 200,000 fundi anapoanza. Toa 400,000 kenchi zote zikishasimama na kukaguliwa. Toa 400,000 bati la mwisho likishapigwa msumari. Zinazobaki, 200,000, zingoje mvua kubwa ya kwanza, maana hakuna mkaguzi wa paa anayeizidi. Kama hapavuji, mlipe siku hiyohiyo.

Utaratibu huu si mgeni. Kwenye miradi mikubwa ya ujenzi, mwajiri huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi, mara nyingi asilimia 5 au 10, mpaka kipindi cha matazamio kiishe. Huko California, Marekani, sheria inamkataza mkandarasi wa ukarabati wa nyumba kuchukua kianzio kinachozidi asilimia 10 ya bei au dola 1,000, kile kilicho kidogo. Nyumba ya vyumba vitatu Mbalizi inastahili ulinzi uleule.

Hatari huongezeka unapompa fundi kazi pamoja na fedha za vifaa. Fedha za saruji na nondo zikiingia mfukoni mwake zinachanganyika na za vibarua, na baada ya wiki mbili hakuna anayeweza kuzitenganisha. Nunua vifaa mwenyewe, au mlipe muuza vifaa moja kwa moja na uchukue risiti.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilianza kutumika mwaka 1961 ikafuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872. Chini yake, mapatano ya mdomo kati yako na fundi ni mkataba halali. Shida yake ni ushahidi. Kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja: kazi gani, vipimo gani, bei, hatua za malipo, tarehe ya kumaliza, majina na sahihi zenu, na shahidi mmoja kila upande.

Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Watunga sheria ile ya India walitoa mifano inayotuhusu hasa. Mmoja ni wa mtu aliyelipwa mapema kukarabati nyumba, akaikarabati kinyume cha mapatano; mwenye nyumba anastahili gharama ya kuirekebisha ifanane na walichopatana. Ndivyo ilivyo pia unapolazimika kumwita fundi mwingine amalizie: unachodai ni kile ulichotumia zaidi ya bei ya awali. Hudai bei yote kana kwamba fundi wa kwanza hakufanya lolote.

Kimya kikishaingia

Usibomoe wala usimwingize fundi mwingine kabla ya kuweka ushahidi. Piga picha kila pembe. Mwite fundi wa tatu asiye na upande apime kazi iliyokwisha fanyika na kuandika makadirio ya kumalizia. Hifadhi ujumbe wa simu na wa malipo ya M-Pesa, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo mahakamani.

Kisha mwandikie. Eleza alicholipwa, alichofanya, kilichobaki, na umpe siku 14 arudi au arejeshe fedha. Mpelekee barua hiyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Fundi anaishi kwa jina lake mtaani, na mashauri mengi huishia hapo, kwa kupanga tarehe mpya mbele ya watu. Ikishindikana, lipo baraza la kata kwa usuluhishi. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mwanzo, yenye uwezo wa kusikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Ukomo wa kudai ni miaka 6, lakini usiungoje, mashahidi huhama.

Watu wengi huanzia polisi. Polisi hawakusanyi madeni, na fundi aliyechelewa si mhalifu kwa kuchelewa tu. Jinai huingia palipo na udanganyifu tangu mwanzo, au mtu alipokabidhiwa mali kwa kazi maalumu akaigeuza yake. Kama uliyempa kazi ni mkandarasi aliyesajiliwa, unaweza pia kumlalamikia kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Fundi wa mtaani hayumo kwenye daftari hilo. Kwa huyo, uliza cheti cha VETA, inayowapima na kuwatambua hata waliojifunzia kazini, kisha nenda ukaone nyumba mbili alizomaliza na uzungumze na wenyewe.

Mkataba huu unakubana na wewe. Vifaa vifike kabla ya siku ya kazi, na hatua ikikaguliwa ikakubalika, malipo yasilale. Fundi anayejua kwamba kwako kila hatua hulipwa jioni ileile atakutanguliza mbele ya saiti nyingine zote, na nyumba yako itapata bati kabla ya Novemba.