Mizani ya Mifupa Nayo Ipimwe

Mpenzi msomaji, hapa Meru hakuna asiyeijua mizani. Mkulima wa kahawa afikapo kiwandani na gunia lake, jicho halibanduki kwenye mshale mpaka kilo zake ziandikwe kitabuni. Mama anayeuza viazi Gakoromone naye ana mizani yake, na maafisa wa vipimo na mizani huja kuikagua na kuipiga muhuri. Mizani isiyo na muhuri ina kesi. Kwa nini? Kwa sababu mizani mbovu humwibia mtu mchana peupe, naye akaenda zake akishukuru.

Sasa ikiwa viazi vimepewa heshima hiyo, je, mifupa ya mama zetu? Ndiyo, mifupa nayo hupimwa, na mashine ya kuipimia ipo. Katika makala haya nitaeleza jinsi inavyofanya kazi, kama ina hatari, na kama majibu yake ni ya kuaminika. Nina sababu ya kuyaandika, nayo mtaiona mbele.

Tuanze na mfupa wenyewe. Wengi wetu hudhani kuwa mfupa ni kama jiwe, kitu kikavu kisicho na uhai. La hasha! Mfupa u hai. Kila siku mwili hubomoa sehemu kidogo na kujenga nyingine. Ni kama akaunti ya benki: katika ujana tunaweka kalsiamu na madini mengine, na uzeeni tunatoa. Karibu sehemu 90 kwa 100 ya akiba hiyo huwekwa kabla hatujatimiza miaka 20. Mwanamke anapokoma hedhi, akiba huanza kutoka kwa kasi. Ikitoka sana, mfupa hubaki na matundu kama sifongo, na ugonjwa huo huitwa osteoporosisi. Ubaya wake ni kwamba hauna kelele. Hauumi, hauwashi. Mtu hujua siku anapoteleza uani penye tope, akavunjika kifundo cha mkono au nyonga.

Wataalamu walitafuta njia ya kuujua ugonjwa huu kabla mtu hajaanguka. Picha ya kawaida ya eksirei haikufaa, kwa maana mfupa huweza kupoteza madini mengi kabla upungufu haujaonekana pichani. Mnamo mwaka 1987 ilianza kuuzwa mashine iitwayo deksa. Yafanya nini? Hupitisha mwilini mionzi ya eksirei ya nguvu mbili tofauti. Nyama na mafuta huizuia mionzi hiyo kwa kiasi chake, na mfupa kwa kiasi chake. Kompyuta hulinganisha kilichopita na kilichozuiwa, ikaondoa hesabu ya nyama, ikabaki na hesabu ya madini ya mfupa peke yake. Jibu hutolewa kwa gramu kwa kila sentimita mraba. Sehemu zinazopimwa zaidi ni nyonga na uti wa mgongo upande wa kiunoni.

Je, ni hatari? Swali hili huulizwa sana, maana neno "mionzi" huwatisha watu. Ukweli ni huu: kipimo kimoja cha deksa humpa mtu maikrosiveti chache tu, kwa kawaida chini ya 10. Nasi sote tunapata mionzi ya asili kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, wastani wa dunia ukiwa kama maikrosiveti 2,400 kwa mwaka. Ukigawanya kwa siku 365, utapata kati ya 6 na 7 kwa siku. Kwa hivyo mama anayepimwa deksa amepata mionzi ya siku moja hivi ya kuishi tu. Hadungwi sindano wala hafungiwi ndani ya tundu. Hulala chali kitandani dakika chache, mkono wa mashine ukipita juu yake. Hata hivyo, mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, lazima aseme mapema, na kwa kawaida kipimo huahirishwa. Hapa kwetu Kenya mashine yoyote ya mionzi huhitaji leseni. Kazi hiyo ilikuwa ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi chini ya sheria ya mwaka 1982, na tangu sheria mpya ya mwaka 2019 ni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya.

Basi hatari ni ndogo. Lakini usalama si mionzi pekee, mpenzi msomaji. Jibu la uongo nalo lina madhara yake: mgonjwa huambiwa ni mzima, au mzima akanunua dawa asizohitaji. Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe.

Deksa nzuri hupimwa kabla ya kumpima mtu. Kila siku ya kazi mhudumu huweka kitandani mfano wa uti wa mgongo ambao madini yake yanajulikana kamili. Mashine ikisema kiasi kile kile, kazi inaendelea. Ikianza kupanda au kushuka siku baada ya siku, husimamishwa na fundi akaitwa. Huo ndio muhuri wake.

Pili, hakuna kipimo kisichoyumba. Ukimpima mtu mmoja mara mbili asubuhi ile ile, nambari zitatofautiana kidogo. Kwa sababu hiyo, badiliko la uti wa mgongo lililo chini ya asilimia 5 hivi haliwezi kuaminiwa moja kwa moja. Huenda ni kuyumba tu. Na mgonjwa arudi kwenye mashine ile ile, kwani deksa za kampuni tofauti hazitoi nambari zinazolingana.

Tatu, mashine hudanganyika. Funguo mfukoni, sarafu, zipu na vishikizo vya chuma huonekana kama madini. Tembe za kalsiamu zilizomezwa asubuhi hiyo zaweza kuonekana pia. Mguu usipogeuzwa vizuri, jibu la nyonga hupotoka. Na mzee mwenye ugonjwa wa viungo mgongoni huweza kupewa jibu zuri kuliko hali yake, maana mifupa iliyoota vinundu huongeza hesabu.

Nne, kuna suala la kulinganishwa na nani. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango: jibu la mwanamke aliyekoma hedhi hulinganishwa na la wanawake vijana, na akifikia hasi 2.5 au chini ya hapo, ana osteoporosisi. Lakini wanawake hao vijana wa kulinganishia ni wazungu. Vilevile deksa hupima eneo, haipimi unene wa ndani, hivyo mtu mwenye umbo dogo huonekana ana mifupa hafifu kuliko ilivyo. Huko Gambia, utafiti wa vijijini uliotolewa mwaka 1996 ulionyesha kuwa akina mama wazee wenye madini machache walikuwa wengi, ilhali waliovunjika mifupa kwa udhaifu huo walikuwa nadra. Kumbe nambari peke yake haitoshi! Daktari mwema huuliza pia umri, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unavuta sigara, na dawa unazotumia.

Sasa niieleze ile sababu. Nyanya yangu ni mkulima wa majani chai. Alipopata bonasi yake, alikutana na vijana waliopiga hema kando ya barabara, ati wanapima mwili mzima bure. Waliandika kwenye kompyuta jina lake, umri, urefu na uzito, wakampa kijiti cha chuma akishike. Dakika moja tu, karatasi ikatoka: ini hivi, figo vile, na mifupa "imepungua sana". Akauziwa mikebe ya unga kwa karibu bonasi yote.

Shangazi yangu alipopata habari alirudi naye pale. Akawaambia, "Mpimeni Mama tena." Walipokwisha kufungua jina la nyanya kwenye kompyuta, kijiti akakishika shangazi mwenyewe. Karatasi ikatoka na mifupa ya ajuza wa miaka 71! Shangazi ana miaka 38 na hubeba gunia la viazi mgongoni. Vijana wakaanza kutazamana. Pesa hazikurudi.

Ndugu zangu, kushika chuma hakuwezi kupima madini ya nyonga. Hakuna mionzi iliyopita mfupani, hakuna mfano wa kujipimia, hakuna kitu. Kilichosomwa ni umri ulioandikwa na mwenye kompyuta. Si vyote ving'aavyo ni dhahabu.

Kwa hivyo mzazi wako akiambiwa mifupa yake ipimwe, muulizie maswali matatu. Je, mashine hii ina leseni, na ya nani? Je, ilipimwa lini mara ya mwisho? Je, anayenisomea majibu ni mtaalamu wa afya, au ndiye huyo huyo anayeniuzia dawa? Mwenye mashine ya haki hatakasirika. Mwenye hema atakusanya virago.

Tena tusisahau kuwa deksa hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini, Nairobi hasa, na gharama si mchezo. Ila akiba ya mifupa haihitaji deksa. Maziwa tunayo, omena zipo sokoni, terere na sukuma wiki ziko shambani, jua la Mungu ni la bure, na kukimbia uwanjani jioni hakuna ada. Sisi wa shule ndio tulio katika miaka ya kuweka. Kwa wazee wetu, tuondoe mawe njiani, tuwashe taa usiku, tukaushe tope mlangoni, maana asiyeanguka havunjiki.

Mkulima haoni haya kukodolea macho mshale wa mizani ya kahawa. Nasi tusione haya kuuliza habari za mizani ya mifupa. Kuuliza si ujinga.