Kompyuta Inapoamka Bila Mtandao: Mambo ya Kutazamwa na Makatibu wa Vyama

Vyama vya msingi nchini Tanzania hutumia kompyuta za mpakato kutunza hesabu za wanachama na kuingiza taarifa katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Hutokea katibu akaifunika kompyuta ili aende ghalani kupima mazao, na akirudi huikuta inafanya kazi zote isipokuwa kushika waifai. Mara nyingi lawama huangukia kampuni ya simu, na fedha za chama hutumika kununua kifurushi kipya cha intaneti au kumwita fundi kutoka mjini, ilhali dosari imo ndani ya kompyuta yenyewe.

Chanzo chake ni hiki. Kwa kawaida kompyuta inapofunikwa haizimiki, bali hulala. Kumbukumbu ya kazi iliyokuwa ikifanyika huendelea kupewa umeme kidogo, lakini sehemu nyingine, kama kadi ya waifai, huweza kukatiwa umeme ili betri isiishe upesi. Kompyuta inapoamka, programu inayoiendesha kadi hiyo hutakiwa kuiamsha pia. Ikishindwa, kadi huendelea kulala ingawa kioo kinawaka.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, katibu na afuate hatua hizi:

1. Ajaribu mtandao huohuo kwa simu. Simu ikiupata, yaelekea kosa ni la kompyuta.

2. Ahakikishe kwamba hali ya ndegeni haikuwashwa, kisha azime waifai na kuiwasha tena.

3. Ahifadhi kazi yake, kisha achague amri ya kuwasha upya. Kuzima na kuwasha hakutoshi siku zote, kwa kuwa Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, huweza kuhifadhi sehemu ya hali yake inapozimwa na kuirudisha vilevile inapowashwa.

4. Dosari ikirudia, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi X, afungue orodha ya vifaa, na achague kadi ya waifai. Katika sifa zake, penye usimamizi wa umeme, aondoe alama ya vema inayoruhusu kompyuta kuizima kadi hiyo. Betri huenda ikaisha mapema kidogo.

5. Baadhi ya kompyuta hazionyeshi sehemu hiyo. Hapo ipakuliwe programu mpya ya kadi kutoka tovuti ya kampuni iliyounda kompyuta, wala si kwingineko.

Inafaa hatua iliyoleta nafuu iandikwe, pamoja na tarehe, katika daftari la vifaa vya ofisi, ili katibu ajaye asianze upya. Fundi na aitwe baada ya hatua zote kushindwa. Fedha ya chama ni jasho la wanachama, na kifurushi kipya hakiiamshi kadi iliyolala.